Bibi Mgeni wa Ng'ambo ya Ziwa

Mtu akisimama ufukoni Baraka, mvua imekwisha kunyesha na hewa ni safi, anaona rasi ya Ubwari mbele yake, ndefu, yenye milima, imelala majini kama mamba. Kati ya Ubwari na bara ndipo ilipo ghuba ambayo ramani huiita Ghuba ya Burton, kwa jina la Mwingereza aliyepita katika ziwa hili mwaka 1858. Bwana huyo aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Kumbe si kisiwa: upande wa kusini imeshikana na nchi kavu, na kila mvuvi wa Baraka anajua hivyo.

Nyuma ya Ubwari, ng'ambo kabisa, upande wa kusini-mashariki, ni nchi ya Tanzania. Huko uko mji wa Kigoma, na watu wengi wa Fizi wanaujua, kwa kuwa walikwenda huko kwa biashara au walikimbilia huko wakati wa vita. Kaskazini ya Kigoma, kandokando ya maji, kuna msitu uitwao Gombe. Si msitu mkubwa. Ukipimwa wote ni kilometa za mraba 35 tu, mabonde membamba yanayoshuka mlimani mpaka ziwani, na katika kila bonde kijito kimoja. Ndani yake wanaishi sokwe, wale ambao huku Kongo wengi huwaita sokomutu.

Msitu huu umejulikana duniani pote kwa ajili ya mwanamke mmoja, Jane Goodall. Lakini somo hili linaanza na mama yake, ambaye watu wachache wanamkumbuka.

Jina lake lilikuwa Vanne. Alizaliwa mwaka 1906. Alikaa Bournemouth, mji wa pwani huko Uingereza, akawalea binti zake wawili mpaka wakawa watu wazima. Mwaka 1960 alikuwa na miaka 54. Kazi ya kulea ilikuwa imekwisha, naye angaliweza kukaa kwake kwa raha, akinywa chai na kutazama bahari. Lakini binti yake Jane, mwenye miaka 26, alitaka sana kwenda Gombe kujifunza maisha ya sokwe. Mtaalamu wa Nairobi aitwaye Louis Leakey ndiye aliyemtuma. Wakubwa wa Tanganyika, ambayo wakati ule ilitawaliwa na Waingereza, walikataa. Walisema msichana hawezi kukaa peke yake porini. Ni lazima apate mwenzake. Basi mama akasema atakwenda yeye. Hakuwa mtaalamu wa wanyama, wala hakuajiriwa na mtu. Alijitolea tu.

Wakasafiri kwa gari kutoka Nairobi mpaka Kigoma, mwezi wa Julai. Walipofika waliukuta mji umejaa watu kupita kiasi. Sababu yake ilitoka upande wetu wa ziwa. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku chache baadaye askari waliasi, nchi ikachafuka, Wabelgiji wengi wakakimbia. Wengine walivuka maji mpaka Kigoma, pamoja na watoto wao. Bibi Vanne na Jane hawakuweza kuendelea na safari. Hawakukaa bure, bali walishika kisu na mkate pamoja na wenyeji wa mji, wakatengeneza vipande elfu mbili vya mkate vyenye nyama ya kopo ndani yake, kwa kuwalisha wakimbizi. Jane aliandika baadaye kwamba tangu siku ile hakuweza tena kuitazama nyama ile. Hema lao walilipiga katika uwanja wa gereza la Kigoma, na hapo wakangoja ruhusa.

Tarehe 14 Julai wakapanda mashua, wakafika Gombe.

Ufukoni walikuta vibanda vya wavuvi. Wakati wa giza la mwezi wavuvi hao walikuwa wakija kuvua dagaa, yaani ndakala, kwa taa usiku, na mchana kuwaanika juu ya mchanga. Mzee wao, Iddi Matata, aliwapokea wageni vizuri, amevaa koti jekundu juu ya kanzu. Lakini si kila mtu alifurahi. Msitu wa Gombe ulikuwa umefanywa pori la serikali tangu mwaka 1943, na watu wa vijiji vya jirani walikatazwa kulima humo. Walitumaini kurudishiwa ardhi yao siku moja. Sasa wanaona wanawake wawili Wazungu wanakuja na daftari na darubini, wanasema watawatazama sokwe. Nani angeliamini? Wengi walidhani Jane ni mpelelezi wa serikali. Mkuu mmoja wa kijiji cha Mwamgongo alitaka mtoto wake afuatane na Jane kila siku mlimani, ahakikishe kwamba akiona sokwe mmoja asiandike kumi. Maana sokwe wakiandikwa wengi, serikali itapata sababu ya kuishika ardhi ile milele.

Mkuu huyo hakuwa mjinga. Alijua kwamba maneno ya daftari yanaweza kuondoa shamba la mtu.

Hapa ndipo kazi ya Bibi Vanne ilipoanza. Ndugu yake alikuwa daktari wa kupasua huko Uingereza, naye alimpa dawa nyepesi: aspirini, chumvi ya kuharisha, bandeji, plasta. Bibi akaanza kuwatibu wavuvi waliokuja na maumivu ya kichwa au majeraha ya ndoana na mapanga. Nyumba yake ya dawa ilikuwa miti minne na paa la nyasi, basi.

Siku za kwanza aliletewa mtu mwenye vidonda viwili vikubwa mguuni, vimechimba mpaka karibu na mfupa, na mguu wote umevimba. Bibi alimsihi aende hospitali ya Kigoma. Mgonjwa akakataa kabisa. Basi bibi akatengeneza maji ya chumvi, akawa akiyadondosha polepole juu ya vidonda kila siku, bila kuchoka. Baada ya majuma matatu uvimbe ulikwisha, na vidonda vikawa safi. Habari hizo zilikimbia kijiji kwa kijiji kuliko mashua. Watu wakaja kwa miguu kutoka mbali. Hata mtoto mmoja mdogo alikuwa akifika kila siku kumsaidia bibi, akiteka maji na kukata plasta. Mshahara wake ulikuwa kipande cha plasta juu ya mkwaruzo wake mwenyewe.

Bibi hakuwaambia wagonjwa habari za sokwe. Hakuwahutubia juu ya miti. Alisafisha vidonda tu. Lakini mtu ambaye mtoto wake ametibiwa asubuhi, jioni hatasema kwamba mama wa mtoto yule mwingine ni adui. Uadui ukapungua siku kwa siku, na Jane akaweza kupita njia za mlimani bila kutazamwa kwa jicho baya.

Msidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa rahisi. Daktari mmoja wa Kigoma alikuwa amewaambia kwamba upande ule hakuna malaria, nao hawakuchukua dawa yake. Baadaye wote wawili walishikwa na homa. Walilala katika hema moja siku nyingi, wakipimana homa kwa zamu. Homa ya Bibi Vanne ilipanda kupita digrii 40 kwa muda wa siku tano. Usiku mmoja alitoka hemani akiwa hana akili, akaanguka chini. Mpishi wao, Dominic, ndiye aliyemkuta saa tisa ya usiku, akamrudisha kitandani. Dominic aliwasihi waende Kigoma, lakini hawakuwa na nguvu hata ya kukaa katika mashua kwa saa tatu. Bibi alipona, ila udhaifu wake ulikaa muda mrefu. Naye alipopata nguvu kidogo, alirudi penye miti yake minne na paa lake la nyasi.

Baada ya miezi michache alirudi kwao Uingereza. Jane alibaki. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alimwona sokwe mmoja anachukua jani la nyasi, analitia katika shimo la kichuguu, analitoa limejaa mchwa, anakula. Alikuwa akivua mchwa kama mtu avuaye samaki. Kabla ya hapo wataalamu walifundisha kwamba ni binadamu peke yake atengenezaye vyombo. Habari hiyo iliwashangaza wote. Mwaka 1968 Gombe ikafanywa hifadhi ya taifa.

Maji ya ziwa hili hayatenganishi mambo ya watu. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei mwaka 1975, watu wenye silaha waliovuka kutoka milima ya Fizi walifika Gombe, wakawateka wanafunzi wanne, wakawavusha Kongo. Wote wanne walifunguliwa baadaye, lakini kwa miaka mingi wageni hawakuruhusiwa tena kukaa Gombe vivi hivi. Nani basi aliendelea kuwafuata sokwe na kuandika? Ni wenyeji, watu wa vijiji vya kandokando ya ziwa, waliokwisha kuizoea kazi. Walipanda mlima asubuhi na daftari, kama wazee wao walivyoshuka ziwani na nyavu. Daftari lile lile lililoogopwa mwaka 1960 sasa lilikuwa mikononi mwao.

Lakini hatari nyingine ilikuwa ikikua, nayo haikuja kwa mashua. Karibu na mwaka 1990 Jane alipita juu ya Gombe katika ndege ndogo. Alipotazama chini alishtuka. Msitu wa hifadhi ulikuwa kijani, ila pande zake zote vilima vilikuwa vitupu. Miti imekatwa kwa kuni, kwa makaa na kwa mashamba ya mihogo. Watu walikuwa wameongezeka, na baadaye wakaja tena wakimbizi kutoka Burundi, na tangu mwaka 1996 maelfu kwa maelfu kutoka Kongo, wengi wao watu wa Fizi na Uvira, waliowekwa katika makambi kama Nyarugusu na Lugufu. Mvua ikinyesha juu ya kilima kitupu, udongo unashuka mtoni, na mto unaupeleka ziwani. Shamba linapoteza mbolea yake. Na huko majini tope linafunika mawe ya ufukoni, pahali ambapo samaki wadogo hula na kutaga mayai. Kwa hiyo mtu akikata mti mlimani, mvuvi naye anapata hasara, ingawa hajui iliyotoka wapi.

Ilipoanzwa kazi ya kuponya vilima hivyo, mwaka 1994, iliitwa Tacare. Walitumwa Watanzania, wakaenda katika vijiji 12, nao hawakuanza kwa kusema miti. Waliuliza: Mnataka nini? Watu wakajibu kwamba wanataka maji safi, dawa, shule na chakula cha kutosha. Basi kazi ikaanza kwa mambo hayo, na vitalu vya miche vikafuata. Angalieni jinsi njia hii inavyofanana na ile ya bibi mwenye maji ya chumvi: kidonda kwanza, msitu baadaye.

Na tena waligundua jambo zuri. Mahali pengi haikuhitajika kupanda miti mipya. Visiki vya zamani vilikuwa hai bado chini ya udongo. Kila mwaka vilichipuka, na kila mwaka vilikatwa au kuunguzwa. Vijiji vilipopima ardhi yao wenyewe na kutenga sehemu ya kulima, sehemu ya kuni na sehemu ya kuacha, visiki vilipumzika, vikawa miti. Vijiji vikachagua watu wao wa kulinda msitu, na walinzi hao hutembea na simu, wakiandika pahali walipoona mti uliokatwa, mtego, au kiota cha sokwe.

Huku kwetu mambo hayakuanza vizuri hivyo. Juu ya Fizi, upande wa kaskazini-magharibi, kuna milima ya Itombwe, yenye misitu minene, sokwe na ngagi. Mwaka 2006 waziri huko Kinshasa alitia sahihi karatasi ya kuifanya Itombwe kuwa hifadhi. Watu wa milimani hawakuulizwa. Mipaka haikueleweka, na vijiji vingi viliona vimo ndani. Ikawa kelele na hofu, kama ile ya mkuu wa Mwamgongo. Ilichukua miaka kuyatengeneza. Wazee na vijana wa vijiji walichora ramani za nchi yao, wakionyesha mito, mashamba, makaburi ya mababu na pahali pa kuwinda. Mwaka 2016 serikali ya Kivu ya Kusini ikatoa mipaka mingine, iliyozungumzwa na wenyeji. Miaka kumi ilipita kwa sababu ya kukosa kuuliza siku ya kwanza.

Na Baraka? Mji huu umejaa wageni. Tangu mwaka 2005 mashua ziliwarudisha Wakongo kutoka Kigoma, na wengi walishukia hapa. Kati yao walikuwamo wazee, walioondoka kwao na nguvu na kurudi na mvi. Tangu mwaka 2015 Warundi wengi nao walipewa makao Lusenda, na baadaye wengine Mulongwe. Mzee anayefika mji asiokulia huona kwamba hana kazi. Nguvu za kuvuta wavu zimekwisha, na shamba hana. Lakini yapo mambo ambayo mzee anayaweza kuliko kijana, kwa kuwa ana saa nyingi na uvumilivu.

Anaweza kutunza kitalu cha miche nyuma ya nyumba, maana miche hutaka maji kidogo kila siku, si nguvu nyingi. Miti ikipandwa kando ya mto Mutambala na vijito vingine, mizizi yake hushika udongo. Anaweza kukaa ufukoni asubuhi, wavu ukivutwa, akatazama kilichomo. Ndakala haishi muda mrefu, kadiri ya mwaka mmoja, na wale wachanga hukua karibu na pwani. Mtu akipitisha chandarua cha mbu katika maji mafupi ya ghuba, anapata sufuria moja ya vitoto vya samaki, vidogo kama sindano. Vikiachwa miezi michache vingejaza kikapu. Kijana akimwambia mwenzake hivyo watapigana. Mzee aliyekwisha kumsaidia yule kijana kwa jambo lingine, kwa kumwandikia barua au kumshauri katika mahari, atasikilizwa.

Na mambo haya ni ya haraka. Ziwa Tanganyika ni refu, kilometa 673, na kina chake kinafika mita 1,470. Katika dunia nzima ni Baikal ya Urusi tu inayolishinda kwa kina. Kwa ukubwa huo watu hudhani haliwezi kuchoka. Lakini samaki hukaa sehemu ya juu tu, maana chini sana hakuna hewa ya kuvuta. Chakula chao hutokana na mbolea ambayo upepo wa kiangazi huipandisha kutoka chini. Sasa maji ya juu yamezidi kupata joto, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini, na mbolea inayopanda imepungua. Chakula ni kidogo, wavuvi ni wengi. Ndiyo sababu mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaa. Miaka ile ile ziwa lilikuwa limepanda. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba za watu huko Uvira, Baraka na Kalemie. Mahali penye miti na matete ufuko husimama vizuri zaidi kuliko penye mchanga mtupu.

Bibi Vanne alikufa mwaka 2000, akiwa na miaka 94. Jane alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, katika safari ya kuhutubia watu huko Marekani. Gombe kazi inaendelea. Kila asubuhi watu wa vijiji vya ziwani hupanda mlima kuwatafuta sokwe, na siku ya hewa safi, wakigeuka nyuma, wanaona milima ya Fizi.

MASWALI

Kwa nini wakubwa wa Tanganyika walimkatalia Jane kwenda peke yake? Mkuu wa Mwamgongo aliogopa nini, na je, alikuwa na haki ya kuogopa? Bibi Vanne aliponya vidonda kwa kitu gani? Elezeni jinsi mti uliokatwa mlimani unavyoweza kumdhuru mvuvi. Choreni ramani ya ziwa, mkaonyeshe Baraka, Ubwari, Uvira, Kalemie, Kigoma na Gombe. Waulizeni wazee watatu wa mtaa wenu: walipofika hapa mara ya kwanza, miti ilikuwa wapi, na maji ya ziwa yaliishia wapi? Andikeni majibu yao katika daftari.